Ngeli za Bega: Uainishaji wa Njia za Kutuliza Bega Linalouma

Utangulizi

Bega langu la kulia liligoma siku nilipokuwa naandika neno "upatanisho" ubaoni. Nilifika herufi ya sita, mkono ukakataa kupanda. Kidato cha Pili wote walidhani Mwalimu amesahau tahajia. Mmoja wao, kwa huruma, akanitajia herufi ya saba.

Baada ya miezi mitatu sikuweza kuvaa kanzu bila msaada. Baada ya sita nilikuwa nimeshajaribu tiba kumi na saba, na nyingine nne zilikuwa zinaningoja dirishani, kila moja na chupa yake. Mtu aliyefundisha ngeli maisha yake yote hawezi kulala chumba kimoja na vitu ishirini na kimoja visivyopangwa. Makala hii imetokana na udhaifu huo.

Wapo waliojaribu kuainisha kabla yangu. Wanazuoni wa kijiweni, hapa Tanga nikaapo, huzigawa tiba za bega mafungu mawili: za hospitali na za kienyeji. Mgawanyo huo hausimami. Diklofenaki, ambayo ni dawa ya hospitali, jirani yangu aliipata duka la kona ikiwa imepangwa kando ya sabuni na viberiti; na daktari mwenye shahada mbili aliniambia nikandwe kwa maji ya moto, kama alivyoniambia bibi. Wengine huzigawa kuwa za ghali na za rahisi, lakini tiba ya rahisi ukiirudia mara arobaini inakuwa ghali. Uainishaji pekee ambao haujawahi kuniangusha darasani ni ule wa ngeli. Basi nimeupeleka begani.

Sampuli na vipimo

Sampuli ya utafiti huu ni bega moja. Watakwimu watalalamika kwamba ni dogo, wao hawajalilalia. Wahenga walishasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Bega la kushoto, ambalo halikuchuliwa, halikuchomwa sindano wala kuombewa dua, ndilo kundi linganishi. Katika kipindi chote cha utafiti lilibaki zima, jambo linalothibitisha kwamba kutofanya lolote ni tiba bora kupita zote, mradi bega liwe halina ugonjwa.

Vipimo vilikuwa vitatu. Kipimo cha Kanzu: je, mkono unapenya mkononi mwa kanzu bila mke kuitwa? Kipimo cha Pochi: je, vidole vinafika mfuko wa nyuma wa suruali? Kipimo cha Bomba: je, mtafiti anaweza kushika bomba la juu ndani ya daladala bila kumwegemea abiria asiyehusika na utafiti? Mwanzoni alama zangu zilikuwa sifuri, sifuri, na ugomvi.

Neno juu ya maumbile

Hakuna kiungo mwilini chenye uhuru kama bega, na uhuru huo ndio unaoliponza. Kichwa cha mfupa wa mkono kimekaa juu ya kisahani kidogo cha fupa la bega, mithili ya chungwa juu ya kisosi cha kahawa. Linalozuia chungwa lisidondoke ni mfuko laini unaokizunguka kiungo, pamoja na misuli minne na kano zake zinazolikumbatia kila upande.

Magonjwa mawili ndiyo yanayojaza foleni. La kwanza ni la kano zilizochoka au kuchanika: mkono unauma ukiuinua mwenyewe, lakini mtu mwingine akikuinulia, unapanda. La pili ni bega kuganda: ule mfuko unapata uvimbe, unakuwa mnene, kisha unasinyaa, mpaka chungwa linakuwa kama limetiwa kwenye soksi ya mtoto mchanga. Hapo mkono haupandi kwako wala kwa mwenzio. Langu lilikuwa hili la pili. Sasa tuingie kwenye ngeli.

Ngeli ya A-WA

Humu mna tiba zenye pumzi. Zinagawanyika katika jinsi tatu. Ya kwanza ni Mjuzi wa Mjuzi: yeye mwenyewe hatibu, lakini ana shangazi Muheza. Ya pili ni Mchuaji. Ya tatu ni mtaalamu wa fiziotherapia, anayetofautiana na Mchuaji kwa kuwa yeye huchoka kabla yako, kisha anakuambia kazi iliyobaki ni yako.

Mchuaji wangu ni bibi mwenye asili ya Pemba, mwenye vidole kama misumari ya jahazi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Wapi panauma?"

Nikamwonyesha.

"Hapo sipo. Panauma hapa," akasema, akapabonyeza. Tangu siku hiyo pamekuwa panauma hapo pia.

Hata hivyo tumtendee haki. Kila nilipotoka kwake nililala usingizi wa usiku mmoja, na sababu inajulikana. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba katika uti wa mgongo kuna kitu mithili ya mlango: habari za mguso zikija kwa wingi, huzisonga habari za maumivu zisipite. Mama yeyote aliyemsugua mtoto aliyejigonga alikuwa anaujua mlango huo. Kilichompungukia ni kuchapisha. Lakini mlango ukishafungwa hufunguka tena, na kwa kawaida hufunguka saa nane za usiku. Na bega lililo kwenye kipindi cha maumivu makali halitaki kuvutwa kwa nguvu, likivutwa, linalipiza.

Ngeli ya U-I

Neno kuu la ngeli hii ni mshipa. Huku pwani mshipa ndio hubeba lawama zote: umekaa juu ya mwenzake, umeruka, umeingiwa na baridi, umekasirika. Nimehesabu maelezo tisa ya mshipa wangu mmoja, yote yakitolewa kwa yakini. Mshipa ni nadharia tu, haujafika kuwa tiba, kwa hiyo tunaupita.

Tiba halisi ya U-I ni mto. Lalia upande mzima, kumbatia mto, mkono mgonjwa upumzike juu yake. Hakuna aliyenisifia mto hata mara moja, labda kwa sababu hakuna shangazi wa Muheza anayeuuza.

Ngeli ya KI-VI

Kidonge na kikombe. Kidonge, iwe parasetamo au diklofenaki, kinatuliza maumivu bila kulegeza bega. Unabaki na bega lile lile lililokwama, ila sasa limenyamaza. Diklofenaki ukiizoea kwa majuma bila daktari inakwenda kutafuta kazi nyingine tumboni na kwenye figo, na kazi inayoipata ni vidonda kule tumboni na uharibifu kwenye figo.

Kikombe ni cha hijama. Wazee wetu walikuwa na jina lake: kuumika, na pembe yao waliiita chuku. Hijama ni Sunna, nami sikuifanyia ubishi. Niliumikwa, nikapata duara nne mgongoni na wepesi wa siku mbili. Lakini mwanaisimu hawezi kulipita neno chuku akafumba macho. Katika lugha yetu, kupiga chuku ni kumuumika mtu, na pia ni kutia chumvi katika habari. Nimewasikiliza wagonjwa wenzangu wengi waliotoka huko, na ninathibitisha kwamba wahenga hawakuliunganisha neno hilo kwa bahati.

Ngeli ya YA-YA

Hii ni ngeli ya majina yasiyo na umoja: mafuta, maji, maumivu. Hakuna aliyewahi kupaka futa moja, wala aliyekwenda hospitali na umivu. Ona kwamba dawa na ugonjwa wamezaliwa nyumba moja.

Undugu huo si wa sarufi tu. Dawa nyingi za kuchua zina mentholi, kafuri au pilipili, na haziingizi joto lolote ndani ya kiungo. Zinaugusa mshipa wa fahamu wa ngozi kwenye kipokezi cha joto au cha baridi, ubongo unapokea taarifa kwamba kuna moto au barafu begani, unashughulikia taarifa hiyo na kuyasahau maumivu kwa muda. David Julius wa Marekani alikigundua kipokezi cha joto kwa kutumia kapsaisini, kiini cha ukali wa pilipili, na mwaka 2021 akatunukiwa Nobel ya Tiba pamoja na Ardem Patapoutian. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto, hawakualikwa Stockholm.

Bibi alinipa mafuta ya makonyo ya karafuu kutoka kwao Pemba, akaniagiza niyachanganye na mafuta ya nazi. Nikaona kuchanganya ni kuyadhoofisha. Kwa siku tatu nilisahau kabisa maumivu ya bega, kwa kuwa nilikuwa nimeungua ngozi.

Ngeli ya I-I

Fupi, lakini msomaji asiiruke. Majina yake makuu ni mawili: sukari na subira. Daktari, kabla hata hajaligusa bega, aliniagiza nikapime sukari. Nilichukia. Nimekuja na bega, yeye ananitoboa kidole! Majibu yalipotoka, sukari ilikuwa juu, na sikuwa nikijua. Wenye kisukari hupatwa na bega kuganda zaidi ya watu wengine, na bega lao huchelewa zaidi kufunguka. Kumbe bega langu lilikuwa tarishi. Nami kwa miezi sita nilikuwa nampaka tarishi mafuta badala ya kusoma barua aliyoileta.

Ngeli ya I-ZI

Sindano. Steroidi ikichomwa ndani ya kiungo hupunguza uvimbe wa ule mfuko na kuleta nafuu ya majuma kadhaa, hasa ikiwahi wakati wa maumivu makali. Si tiba ya kudumu, ni dirisha: linafunguliwa ili upitishe mazoezi, na likifungwa kabla hujapitisha kitu, umechomwa bure. Mwenye kisukari ajue kwamba sukari inaweza kupanda kwa siku chache baada yake. Yangu ilipanda. Usiku ule nililala upande wa kulia kwa mara ya kwanza baada ya miezi minane, nikaota naandika ubaoni.

Ngeli ya U-U

Ushauri na upasuaji. Vyote viwili hutolewa na watu ambao mabega yao hayaumi.

Kuhusu ushauri, nimekwisha kuonyesha hasara yake. Upasuaji una historia ya kuvutia zaidi. Mwaka 1972 Charles Neer wa Marekani alieleza jinsi ya kuchonga mfupa ulio paa la bega ili kano zisikwaruzwe, na kwa miongo kadhaa wapasuaji wakachonga. Mwaka 2017 jarida la The Lancet likachapisha utafiti wa Uingereza wa wagonjwa 313. Kundi la kwanza lilichongwa kweli. La pili liliingizwa kamera begani, likatazamwa, likashonwa bila kuchongwa, bila kuambiwa. La tatu halikuguswa. Waliochongwa na waliotazamwa hawakutofautiana. Wote wawili waliwapita kidogo wale wasioguswa, lakini kwa kiasi ambacho mgonjwa mwenyewe hangekitambua.

Bega lililoganda nalo lina upasuaji wake. Ama unalazwa kwa nusu kaputi, daktari akaunyanyua mkono mpaka ganda likaachia. Ama anaingia kwa kamera na kuukata mfuko uliosinyaa. Mwaka 2020, huko huko Uingereza, wagonjwa 503 waligawanywa: wengine wakanyanyuliwa, wengine wakakatwa, wengine wakapewa fiziotherapia na sindano. Mwaka ulipotimia makundi yote matatu yalikuwa na nafuu kubwa, na hakuna lililowashinda wenzake kwa kiasi cha kujivunia. Hapa nilisimamisha kalamu. Mwalimu akisahihisha karatasi tatu akakuta majibu yanafanana hivyo, huanza kushuku kwamba kuna mtu wa nne chumbani.

Ngeli ya KU

Mtu wa nne ni kungoja. Ngeli ya KU haina wingi na haina duka. Bega kuganda lina vipindi vitatu: cha kuuma, cha kukakamaa na cha kufunguka. Kwa kawaida vyote pamoja huchukua mwaka mmoja hadi mitatu, na wengi wetu tunafunguka, ingawa baadhi hubakiwa na ukakamavu kidogo. Ugonjwa huu hupenda watu wa miaka 40 hadi 60, wanawake zaidi. Wajapani huuita bega la miaka hamsini, na jina hilo linakuambia umri wa mgonjwa bila kumuuliza.

Kutokana na hayo mtafiti ametunga Sheria ya Dawa ya Mwisho: ugonjwa wenye kalenda yake huponywa na dawa yoyote itakayokuwapo siku kalenda inapokwisha. Aliyekuwa anachuliwa siku hiyo atamsifu mchuaji, aliyechomwa atamsifu daktari, na aliyekuwa amekata tamaa akapakwa mafuta ya nyonyo na jirani atakuja kukuletea chupa. Wote watakuwa wakweli. Ndiyo maana dirisha langu lilijaa.

Aliyeitafuta dawa ya sheria hii mapema ni Ernest Codman, mpasuaji wa Boston, ndiye yule yule aliyelipa bega lililoganda jina lake katika kitabu chake cha mwaka 1934. Alitaka kila mgonjwa awe na kadi, afuatiliwe baada ya kutibiwa, na aulizwe: mwisho wake ulikuwaje? Katika hospitali yake ndogo, kati ya 1911 na 1916, waliruhusiwa wagonjwa 337, naye akachapisha makosa 123, kila mtu asome. Wenzake hawakumpenda. Nimepita kwa watabibu wengi, wenye koti jeupe na wenye kilemba, na sijakuta ukuta uliobandikwa makosa. Ushuhuda umebandikwa tele.

Ngeli ya PA-MU-KU

Hii si ya mzaha. Ngeli ya mahali inatukumbusha kwamba panapouma si lazima pawe ndipo penye ugonjwa. Moyo ukikosa damu unaweza kulia kupitia bega la kushoto. Nyongo inaweza kulia kupitia la kulia, kwa kuwa kiwambo kilicho chini ya mapafu kinatumia mishipa ya fahamu inayotoka shingoni pamoja na ya bega. Bega likiuma huku kifua kinabana, pumzi inakatika au jasho jembamba linatoka, usitafute mafuta. Tafuta gari, uende hospitali sasa hivi. Bega lililoumia kwa kuanguka, lenye homa, au lenye maumivu yasiyobadilika hata ukiutikisa mkono huku mwili unakonda, nalo ni la daktari, halitaki shangazi.

Ngeli ya LI-YA

Nimeiweka mwisho kwa makusudi, maana ndiyo ngeli ya mgonjwa mwenyewe: bega hili, mabega haya. Nilikaa usiku mmoja nikitafuta, kati ya tiba zangu ishirini na moja, ipi inayochukua kiambishi kimoja na bega. Kidonge hiki: hapana. Sindano hii: hapana. Mafuta haya yanakaribia, lakini hayana umoja. Ikabaki moja: zoezi hili, mazoezi haya.

Neno nililokuwa ninaliandika siku bega lilipogoma, na ambalo sikulimaliza, lina maana mbili. Katika sarufi, upatanisho ni maneno kukubaliana viambishi. Mtaani, ni kusuluhisha waliogombana. Mimi na bega langu tulihitaji zote mbili.

Mazoezi yenyewe ni manyonge kutazama. La kwanza limeitwa kwa jina la Codman: unainama, mkono mzima umeshika meza, mgonjwa unauacha uning'inie na kubembea kama kamba ya nanga, mbele na nyuma, kisha duara ndogo. La pili, unasimama mbele ya ukuta na kuupanda kwa vidole, kama mjusi aliyezeeka, mpaka pale maumivu yanapobisha hodi, siyo pale yanapoingia. La tatu, unapitisha khanga nyuma ya mgongo, mkono mzima juu, mgonjwa chini, na ule wa juu unamvuta mwenzake polepole. Mara kadhaa kwa siku, dakika chache, bila ushujaa. Mazoezi nayo hayaiondoi kalenda, kwa hiyo nisije nikayapigia chuku. Faida yake moja ni kwamba hayauzwi, na kisichouzwa hakina wa kukisifia barazani.

Hitimisho

Kwa kuwa Codman ametufundisha kuuliza mwisho, nilichukua chaki ya shule nikaanza kuchora mstari ukutani kila Ijumaa, pale vidole vilipofika, na tarehe pembeni. Mke wangu alisema nimeugeuza ukumbi kuwa darasa. Majuma matano ya kwanza mistari ilikaa pamoja kama mashuka yaliyokunjwa. Kisha ikaanza kuachana. Kipimo cha Kanzu nilikifaulu mwezi wa kumi na moja, cha Bomba wa kumi na nne. Cha Pochi kilichelewa mpaka wa kumi na tisa, na siku hiyo pochi haikuwa na kitu.

Hukumu yangu ni hii. Pima sukari kabla ya kununua mafuta. Nafuu ya muda ni halali, iwe ya sindano, ya mto au ya vidole vya bibi, ilimradi uitumie kusogeza mkono. Na atakayekusifia dawa, muulize alikuwa mwezi wa ngapi wa ugonjwa alipoianza.

Bega la kushoto, kundi linganishi, lilianza kuuma Jumanne iliyopita. Nimeshachora mstari wa kwanza.